Kisiwa cha Bagalwa

“Soma tena hapo,” Janvier alisema.

Ernestine hakusoma. Kidole chake, ambacho kilikuwa kikifuata maneno moja baada ya jingine kama walivyofundishwa katika darasa la watu wazima, kilikuwa kimesimama kwenye neno moja na kukataa kusonga.

Simu ilikuwa ya Janvier, mumewe. Mwishoni mwa wiki alikuwa amepiga gitaa katika hoteli moja huko Blaine, kwenye mkutano wa Wamarekani wanaopenda mambo ya visiwa vya Pasifiki: mashati ya maua, vinyago vya mbao, vinywaji vyenye miavuli midogo ya karatasi. Sasa wenye mkutano walikuwa wamemtumia ukurasa wa maoni ya wageni. Kifaransa Janvier alikijua, Kiingereza kilimshinda, kwa hiyo alimpa mkewe amsomee na kumfasiria, wakiwa wameketi kwenye kochi nyumbani kwao mjini Hopkins.

Mwanzoni walicheka. Mgeni mmoja alilalamika kwamba maegesho hayakutosha. Mwingine aliandika kwamba kinyago cha mlangoni kilifanana na mama mkwe wake.

“Huyo nilimwona,” Janvier alisema. “Na mama mkwe mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake.”

Kisha yakaja maoni haya: “Wimbo wa mwisho wa mpiga gitaa ulitupendeza kuliko yote. Tulicheza mpaka viatu vikatutoka. Kisiwa cha Bagalwa kiko wapi? Nimekitafuta kwenye ramani, sikukiona.”

“Uliuimba,” Ernestine alisema.

Janvier aliinamisha kichwa.

“Uliuimba mbele ya watu wenye vileo mkononi. Wakaucheza.”

“Ernestine…”

“Mimi uliniahidi nini?”

Bagalwa hakuwa kisiwa. Alikuwa mwana wao wa pekee, aliyefariki kwa homa katika kambi ya wakimbizi kabla hajajua kusema sentensi nzima. Wimbo ule Janvier aliutunga kwa ajili ya kumbembeleza. Siku walipopanda ndege kuja Minnesota, Ernestine alimwomba mumewe jambo moja tu: jina lile lisitajwe tena, na wimbo ule usiimbwe. Tangu hapo hata Janvier hakumwita tena Mama Bagalwa, kama mila yao inavyotaka mwanamke aitwe kwa mtoto wake. Waliitana Ernestine na Janvier, kama wafanyakazi wawili wa kiwanda kimoja.

“Nyimbo zilikwisha,” Janvier alisema polepole. “Wakapiga makofi, wakataka moja tena. Nikafungua kinywa nikidhani nitaimba ile ya harusi, lakini mtoto ndiye aliyetoka.”

“Alitoka mwenyewe?”

“Alitoka mwenyewe. Na nilipomtaja, ukumbi mzima ukaitikia jina lake. Watu wote wale, Ernestine. Katika nchi hii hakuna mtu aliyewahi kulitamka.”

“Kaburi lake halina hata jiwe,” Ernestine alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilimtisha Janvier kuliko kelele. “Sina picha yake, sina nguo yake. Nilikuwa na kimya changu tu. Nawe umekwenda kukigawa pamoja na vinywaji.”

Aliinuka, akachukua koti lake mlangoni.

“Unakwenda wapi?”

“Saint Paul, kwa rafiki yangu Uwimana.”

“Utarudi lini?”

“Usiniulize hilo.”

Simu ya Janvier, ambayo Ernestine alikuwa bado ameishika, ikalia. Alikuwa Lenny, kijana wa Kikenya aliyepiga ngoma pamoja na Janvier na ndiye aliyempatia kazi ile. Ernestine alifungua spika, akaiweka simu mezani mbele ya mumewe.

“Mzee, umeona comments?” Lenny alisema. “Wame-enjoy mbaya. Mwaka ujao wanatutaka weekend yote, lakini lazima hiyo ngoma ya kisiwa iwe ndani. Sasa niwaambie hiyo island iko wapi? Ama tu-invent?”

Janvier alimtazama mkewe. Mkono mmoja ulikuwa tayari ndani ya koti.

“Waambie hakuna kisiwa, Lenny. Bagalwa ni mtoto wangu. Alikufa. Wimbo ule sitauimba huko tena.”

Lenny alishusha sauti.

“Pole, mzee. Miaka yote tuko pamoja, sikujua ulikuwa na mtoto.”

“Hukujua kwa sababu hatusemi.”

Simu ilipokatika, Ernestine alikuwa bado amesimama pale pale, mkono mmoja ndani, mwingine nje. Miaka yote aliamini kwamba kimya kile kilikuwa chake peke yake. Hakuwahi kufikiri kwamba mwenzake naye alikuwa akiishi ndani yake, bila hewa.

Aliketi na koti lake hivyo hivyo, akaivuta simu, akaanza kumwandikia yule mgeni aliyetafuta kisiwa, kwa Kiingereza, herufi kwa herufi, Bagalwa alikuwa nani.

Jibu la yule mgeni lilikuja upesi. Ernestine alilifasiri kwa sauti:

“Anasema, ‘Mungu wangu, na sisi tulicheza. Tusameheni.’”

Alikumbuka miguu midogo iliyokuwa ikirusharusha blanketi kila gitaa lilipoanza. Machozi, ambayo hakuyatoa hata siku ya kuondoka kambini, yalimdondoka juu ya kioo cha simu. Aliyafuta kwa kiganja, akaandika tena, kisha akamkabidhi mumewe.

“Nimemwambia, ‘Msijali. Hata yeye alikuwa akiucheza.’”

“Na hapa chini umeandika nini?”

“Hapo si Kiingereza. Soma mwenyewe.”

Janvier aliisogeza simu karibu na macho.

“Mama Bagalwa,” alisoma.

“Nakusikia,” Ernestine aliitika.