Sauti Kati ya Nyimbo

Jumapili ile mtu alinong'ona ndani ya Shimo. Sella alikunja uso bila kugeuka, maana mle ndani kunong'ona ndiko kulikokatazwa kuliko yote. Santuri ilikuwa imemaliza wimbo wa pili, na sindano ilikuwa inapita kwenye ule ukimya mfupi unaotenganisha wimbo na wimbo, wenye mkwaruzo mdogo kama mafuta yakianza kupata moto kwenye karai. Hapo ndipo mnong'ono ulipokuja. Neno moja tu, kisha gita likaingia.

Aliwatazama watu wake. Walikuwa ishirini na kitu, wamefumba macho, na hakuna aliyekuwa amefungua mdomo.

Shimo lilikuwa klabu ya usiku isiyongoja usiku. Lilikuwa chini ya jengo la ghorofa tatu kule Kawangware, mtaa unaoitwa Kongo, kwenye chumba ambacho mwenye jengo alikichimba kwa ajili ya tangi la maji, kisha akaghairi. Sella Khaemba alikikodi baada ya miaka kumi na moja ya kutengeneza redio na amplifaya katika kibanda chake pembeni mwa Soko la Toi. Spika mbili zilizomfika kifuani alizichonga mwenyewe. Kuta alizifunika kwa makoti mazito ya mitumba, yale ya baridi ya Ulaya ambayo pale Toi hayapati mnunuzi. Yalikuwa zaidi ya mia, yamepigiliwa misumari mabegani, mikono ikining'inia, ili sauti isigonge saruji na kurudi.

Walifungua Jumapili alasiri, wakati mafundi wa kuchomelea vyuma wa mtaa ule wamefunga. Hakuna kucheza, hakuna simu, hakuna kuongea mpaka upande mmoja wa santuri uishe. Wengi walicheka walipoambiwa. "Klabu gani hiyo ya kukaa kama kanisani?" Lakini aliyeshuka mara moja alirudi. Wanaume waliobeba simiti wiki nzima walikaa kwenye mabenchi wakasikia kidole cha mpiga gita kikiteleza juu ya waya, wakasikia mpiga ngoma akihamisha mguu, na wengine walipanda ngazi macho yakiwa mekundu.

Santuri zenyewe zilikuwa za Mzee Obonyo, mlinzi mstaafu wa Kibera, aliyefiwa na mkewe Apiyo miaka sita nyuma. Alikuja nazo kila Jumapili ndani ya sanduku la bati.

Jioni hiyo watu walipotawanyika, Mzee Obonyo hakuinuka.

"Sella," alisema kwa sauti ya chini. "Rudisha hapo katikati."

"Wapi?"

"Kati ya wimbo wa pili na wa tatu."

"Hapo hakuna kitu, Mzee."

"Kuna Apiyo."

Sella alidhani ni uzee. Hata hivyo alirudisha sindano, na mkwaruzo ukaanza, na pamoja nao ikaja harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Halafu, katikati kabisa ya spika zile mbili, mahali ambapo hapakuwa na mtu, mama yake akasema, "Sella. Njoo ukae."

Mama yake alikuwa amezikwa Bungoma miaka minne iliyopita. Sella hakuwa na sauti yake mahali popote. Alikuwa na picha, kitambaa na miwani, lakini yeye aliyeshinda maisha yake yote akitengeneza sauti za wengine hakuwahi kumrekodi mama yake hata dakika moja.

Alikaa chini kwenye saruji. Alirudisha sindano mara nane.

Habari haikuchukua wiki kufika Kibera. Jumapili iliyofuata watu walijaa hadi kwenye ngazi, na ya baadaye wakajaa zaidi, wala hawakutaka nyimbo tena. Walitaka ule ukimya. Santuri yoyote ilitosha; mkwaruzo ukianza, kila mmoja alisikia mfu wake, naye jirani yake asisikie chochote ila wake mwenyewe. Adhis, msusi wa nywele aliyekuwa na mtoto wa miezi minane, alikuja kumsikiliza kaka yake Oluoch aliyezama bwawani. Alitoka akicheka na kulia.

Jumatano moja jirani zake walivunja mlango wa nyumba yake kule Kibera. Mtoto alikuwa ameanguka kitandani, mguu umebanwa kati ya ubao na ukuta, akilia mpaka sauti imekauka. Adhis alikuwa chumba kicho hicho, hatua tatu kutoka pale, amempa mgongo, akikunja nguo. Hakuwa amesikia.

Habari hiyo Sella aliletewa kibandani na mteja, na mteja ilibidi amguse bega ndipo ageuke.

"Nimekuita mara ngapi, fundi? Uko sawa kweli?"

Sella alichukua bisibisi akagonga meza. Alisikia kama mtu anayegonga nyumba ya tatu. Akagonga kwa nguvu. Bado ilikuwa mbali. Lakini "njoo ukae" ya mama yake ilikuwa karibu, safi, ndani kabisa ya kichwa.

Alifunga kibanda mchana ule akaenda kwa Mzee Obonyo.

"Hiyo kitu inatukula masikio," alimwambia.

"Sema kwa nguvu!"

"Inatukula masikio, Mzee! Inatupea wafu, inatunyang'anya walio hai!"

Mzee Obonyo alitabasamu kama mtu aliyeambiwa hali ya hewa. "Pepo wa mfu kama huyu, kwetu tunaita jachien," alisema kwa sauti kubwa ya kiziwi. "Najua ni nini. Kwani kuna nini hapa nje nataka kusikia? Nipate Apiyo, nikose hii kelele. Mimi naona ni sawa."

Silanga, upande wa Kibera ulio karibu na bwawa, kulikuwa na muuza makaa aliyeitwa Wekulo, mzee wa kanisa la kanzu nyeupe ambaye watu waliotoka magharibi mwa nchi walimwita nyumba inaposumbuliwa na pepo. Alikuja Ijumaa, akashuka na kengele yake na chupa ya maji. Sella alisimama juu ya ngazi. Alisikia kengele kwa mbali, akasikia sala, kisha kengele ikanyamaza katikati ya mlio, kama imeshikwa. Wekulo alipopanda, kanzu yake ilinuka majivu na uso wake ulikuwa umelowa machozi.

"Funga hilo shimo," alimwambia karibu na sikio. "Jaza mchanga. Hilo ni jini la kusikilizwa. Halina chakula kingine. Watu wakinyamaza wakatega sikio, ndio linashiba."

"Na watu wangu watasikizia wapi muziki?"

"Si nyumbani kwao."

"Nyumbani kwao ukuta ni bati, mzee. Jirani akikohoa, unakohoa pia. Hapa ndio mahali moja tu mtu wa Kawangware anaweza kusikia kitu mpaka mwisho. Hii room nilijenga na mikono yangu. Ikuje inifukuze? Haiwezi."

"Msichana, limenishinda mimi. Limeniitia kaka yangu." Wekulo alipangusa uso. "Na sauti yenyewe ilikuwa safi kushinda yake mwenyewe."

Sella alikuwa ameshaanza kugeuka. Akasimama.

"Safi namna gani?"

"Safi tu. Kama imeoshwa."

Katika kazi yake sauti iliyooshwa ilikuwa na maana moja: kuna kitu kimeondolewa. Aligundua kwamba wiki zile zote alikuwa amesikiliza kama mtoto aliyefiwa. Hakuwa amesikiliza kama fundi hata siku moja.

Jumapili walikuja watu arobaini. Mzee Obonyo alikaa benchi la mbele, na Adhis nyuma yake, mtoto amefungwa mgongoni. Sella alimsogelea akamwambia sikioni, "Nenda juu na mtoto." Adhis alitikisa kichwa bila kuelewa. Sella akamwinua kwa mkono, akampandisha ngazi mwenyewe, akarudi.

Akaweka sindano.

Mkwaruzo. Harufu ya majivu. Kisha, "Sella. Njoo ukae. Nimechoka kukungoja."

Alifumba macho akasikiliza kama anavyosikiliza amplifaya inayoumwa, akipita juu ya maneno, akitafuta kilicho kati ya maneno. Alisikia s ya jina lake, l zake mbili, a yake. Kati ya sentensi na sentensi hapakuwa na kitu. Palikuwa tupu.

Akafungua mdomo huku santuri inazunguka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya mle ndani.

"Mama. Vuta pumzi."

Watu walishtuka, maana santuri ikizunguka hata masikio mazito yalimsikia. Mzee Obonyo aligeuka, macho yamemtoka. "Nyamaza! Utampoteza!"

"Vuta pumzi," Sella alirudia. "Mama yangu alikuwa na pumu. Nimelala kando yake miaka ishirini. Kabla ya kuniita, kifua kilipiga mluzi kwanza, ndio jina likafuata. Hiyo pumzi iko wapi?"

"Sella. Njoo."

"Vuta pumzi!"

Stima ikapotea. Taa ndogo za amplifaya zikafa moja baada ya nyingine, lakini santuri haikusimama. Iliendelea kuzunguka gizani, na mkwaruzo ukaendelea kutoka kwenye spika zisizo na moto. Mtu mmoja akawasha tochi ya simu, na kwa mwanga ule mwembamba wote wakaona makaratasi ya spika, yale ya mbele yanayotetemeka kutoa sauti, yakianza kuvutwa ndani, polepole, kama mashavu ya mtu anayenyonya, na masikio yao yakaziba, na hewa ikaanza kuondoka chumbani kuelekea ukutani, ikipita kwenye nywele zao na shingo zao, baridi, inanuka majivu, na makoti yale mia na zaidi yakaanza kujaa vifua, la kwanza, la pili, mstari mzima, vifungo vikikaza, mabega yakinyanyuka kwenye misumari, mikono iliyokuwa imening'inia tupu tangu siku ya kwanza ikinenepa na kuinuka kidogo, kidogo, kana kwamba ukuta wote ulikuwa umati wa watu wanaojaribu kufanya kitu walichowahi kukiona tu kwa wengine, na pumzi ile ikaendelea kuingia, ikaingia, haikujua mahali pa kusimama, haikujua kwamba pumzi ikishaingia hutoka, mpaka mwanamke mmoja akaanguka benchini na Mzee Obonyo akajishika koo.

"Sella," sauti zilisema, na sasa hazikuwa za mama yake peke yake, zilikuwa arobaini, na kila mtu mle ndani alisikia mfu wake akimwita Sella kwa chuki. "Nyamaza. Sella. Nyamaza usikilize."

Hewa iliyobaki kifuani mwake ilitosha maneno machache, na alijua hivyo. Alipiga hatua moja mbele, akaweka kiganja juu ya karatasi ya spika iliyozama ndani, akahisi baridi ikipanda hadi begani na kuingia sikio la kulia kama msumari.

"Huwezi," alisema. "Umeshindwa na kitu mtoto wa siku moja anajua. Hii ni nyumba yangu. Hakuna mtu anakusikiliza tena. Toka!"

Ndipo mtu wa nyuma, mbeba simiti mmoja, akapiga kelele, "Toka!" Mwingine akafuata. Watu waliokaa kimya mle ndani miezi mingi walipiga mayowe kwa hewa ya mwisho waliyokuwa nayo, wakakanyaga saruji, wakagonga mabenchi, mpaka mishono ya makoti ikaanza kupasuka kuanzia pembeni, na manyoya na pamba vikamwagika, na makaratasi ya spika yakachanika yote mawili kwa mlio mmoja, na hewa ikarudi kwa kishindo kilichowalaza chini.

Santuri ilisimama.

Gizani walisikia pumzi. Zilikuwa zao wenyewe, nzito, chafu, zinakwaruza, zenye makohozi ya vumbi la simiti na moshi wa makaa.

Masikio yalirudi, ya wengine siku hiyo, ya wengine baada ya wiki. Sikio la kulia la Sella halikurudi. Mwenye jengo alimletea barua ya kuhama, naye aliirudisha na kodi ya mwezi uliofuata juu yake. Ilimchukua wiki saba kutengeneza spika upya. Alijifunza kugeuza kichwa ili sikio la kushoto lipime pande zote mbili, na alipoulizwa kwa nini asiache tu, alijibu kwamba bado ana moja.

Siku ya kufungua walikuja watu tisa. Wa kumi alikuwa Mzee Obonyo. Hakumsalimu. Alikaa mbele, sanduku la bati mapajani, akasikiliza upande mzima bila kufumba macho. Ulipoisha alimwendea.

"Ulininyang'anya Apiyo," alisema.

"Hakuwa Apiyo, Mzee."

"Najua. Nilijua siku ya kwanza." Alilitazama sanduku. "Apiyo hakuwahi kuniita kwa upole."

Mzee alifungua sanduku, akapekua, akatoa santuri moja, akaifuta kwa mkono wa shati.

"Weka hii," alisema. "Na wimbo ukiisha, usipunguze sauti. Ikijaribu kurudi, safari hii wacha nijibu mimi."

Sella aliipokea, akaiweka, akashusha sindano. Kisha akapandisha sauti.