Amplifaya ya Mwalimu

Jumamosi duka lile la vyombo vya muziki hugeuka soko. Kila spika huimba lake, watoto hubonyeza kila kinachobonyezeka, na muuzaji hutaja bei kwa sauti ya kuzishinda spika zote. Katikati ya vurugu hiyo, fundi wa duka alikuwa ameinama mezani, bisibisi mdomoni, mwanamke mmoja alipomwekea mkoba mbele yake.

"Wewe ndiye fundi? Nataka amplifaya. Muuzaji wenu ananisukumia jitu la kuvunja madirisha."

Fundi akainua macho. Gauni la bluu lenye vifungo vyeupe mpaka chini, raba miguuni, vumbi la chaki kwenye mkono wa kulia. Bisibisi ikamdondoka, na mimi simlaumu.

"Chumba chako kina ukubwa gani, dada?"

"Hatua nne kwa tatu. Kiti kimoja, rafu ya santuri, spika mbili ndogo. Nafundisha kwaya shuleni. Kutwa nzima nasikia watoto wakikosea, nikirudi nataka kumsikia anayejua."

"Basi jitu hilo litakufukuza chumbani kwako mwenyewe. Chukua hii ndogo, kila kitu kimo ndani ya boksi moja. Utasikia hata mwimbaji akivuta pumzi."

"Na ikinidanganya?"

"Nitakuja nyumbani kuitengeneza. Bure."

"Kumbe mtego wenyewe ndio huo," akasema, akacheka, akamwandikia namba ya simu.

Mtego ukawanasa wote wawili. Fundi alikwenda kuiunganisha, akarudi kupanga spika, akarudi tena bila sababu ya kueleweka. Haukupita muda wakawa wanaitana mpenzi, na dada mkubwa wa Mwalimu akaanza kuuliza huyo fundi atatengeneza mpaka lini.

Jioni moja simu ikalia.

"Fundi wangu, kidude chako kinadeka. Upande wa kushoto umefifia."

Alikwenda, akaifungua, akaipima. Nzima kabisa, na masikioni mwake spika zote mbili zililingana. Akabadilisha nyaya, iliyokuwa ya kushoto akaipeleka kulia, ya kulia kushoto.

"Sasa je?"

"Bado kushoto."

"Una hakika?"

"Mpenzi, kusikia ndiyo kazi yangu."

Fundi akaweka bisibisi chini. Ugonjwa ungekuwa wa amplifaya, ungehama na nyaya. Haukuhama. Ulikuwa pale kwenye kiti, umevaa gauni la njano, unamtazama kwa tabasamu.

Neno lilimfika kooni. Akamwona akilini Mwalimu mbele ya watoto, asijue nani amekosea. Akaiona kazi yake inaondoka, na yeye aliyeleta habari anaondoka nayo. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na Fundi siku hiyo aliogopa kwa niaba ya kundi zima.

"Ni amplifaya," akasema. "Nipe nikaitengeneze."

Dukani akalehemu ndani yake kijidude kidogo kama punje ya mchele, cha kupunguza nguvu ya upande wa kulia, ili pande zote mbili zisikike sawa. Kisha, kama anavyofanya kwa kila chombo, akaandika kwenye kadi ya kazi tarehe na kiasi alichopunguza. Alipoirudisha, Mwalimu alimbusu kwenye paji la uso.

"Una mikono ya dhahabu wewe."

Baada ya siku kumi simu ikalia tena. "Mpenzi, imerudia."

Akapunguza zaidi. Akaandika. Tangu hapo, kila jina la Mwalimu lilipotokea kwenye simu, Fundi aliiacha iite mara tatu kabla ya kupokea. Baada ya wiki nyingine alikwenda kuikagua, Mwalimu akasema iko sawa, na Fundi akashukuru kama aliyepona yeye. Hata hilo aliliandika.

Ndipo dada mkubwa akaja kumtembelea mdogo wake. Hakumaliza hata chai.

"Hii redio yako mbona inabweka upande mmoja?"

Simu ilimkuta Fundi kazini.

"Fundi." Hakuitwa mpenzi. "Nimegeuza kiti. Nimezipa spika mgongo. Sikio la kushoto halisikii kitu. Umejua tangu lini?"

"Mwalimu, nisikilize."

"Kwa sikio lipi?"

Simu ikakatwa. Siku nne Fundi aliishi kama mtu anayesubiri hukumu. Alipiga, haikupokelewa. Siku ya tano ikapigwa.

"Niko kwa daktari wa masikio," Mwalimu alisema, sauti kavu. "Anauliza sikio lilianza kushuka lini na limeshuka vipi. Mimi nilikuwa nasikia sawa, ulihakikisha. Tarehe unazo wewe. Leta kadi."

Kadi ingeweza kupotea. Alilifikiria hilo, tusimsingizie wema. Alisimama mbele ya kabati akiuangalia mwandiko wake mwenyewe ukimshitaki. Kisha akaichomoa, akatoka mbio na koti lake la kazi.

Kwa daktari, dada mkubwa alimpokea kwa jicho la kummeza mzima.

"Soma," daktari alisema.

Akasoma. Tarehe ya kwanza, na kiasi. Ya pili, na kiasi. Ya tatu, hakuna mabadiliko. Kila tarehe Mwalimu alifumba macho.

"Wiki ya kwanza dawa ingekuwa na nafasi nzuri," daktari akasema. "Sasa siahidi. Lakini inaonekana limeacha kushuka. Dawa za wiki mbili, kisha tupime."

Nje, kwenye benchi, dada mkubwa alisema, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Anayeficha ya mwenzake sijui tumwite nani." Akaenda kupanga foleni ya dawa.

"Kwa nini?" Mwalimu akauliza.

"Niliogopa. Niliona nikilisema, kila ukiniona utalikumbuka."

"Umeniibia wiki zangu."

"Nimekuibia."

Mwalimu alikuwa analia bila sauti. "Unaogopa sasa?"

"Sana."

"Unaogopa nini? Usinipunguzie."

"Naogopa sikio halitarudi, na sababu ni mimi. Naogopa utaniambia niende zangu. Na naogopa kukuomba nikuoe, maana sina uso wa kuomba."

Dada yake alikuwa anarudi na mfuko wa dawa. Mwalimu akafuta machozi.

"Siku ya kipimo uje. Daktari akisema nisilolisikia, uniambie lilivyo. Hilo la mwisho, la kunioa, utaniuliza siku utakapokuwa umenipa habari mbaya kwa mdomo wako."

Wiki mbili zikapita. Daktari alisoma karatasi ya kipimo akiwa kushoto kwa Mwalimu, kwa sauti ya chini. Mwalimu akamgeukia Fundi. Fundi akamshika mkono.

"Amesema la kulia ni zima. La kushoto limekwenda, halitarudi."

Mwalimu aliinama, mabega yakamtikisika. Fundi hakuongeza neno wala hakupunguza. Mwalimu alipoinua uso, ulikuwa umelowa wote.

"Haya," akasema. "Sasa uliza."