Pezi la Nyuma

Kasa alinasa kwenye wavu wetu, wa tatu wiki hiyo. Alikuwa hai. Uzito wake ulikuwa kama wa watu watano, boti yetu ni ndogo, na wavu ulikuwa ndio huo mmoja tu.

"Kata," alisema shemeji yangu, Hollis.

"Nikate wavu?"

"Wavu mwingine utanunua na nini, mchanga? Kata pezi. Anayo manne."

Nikakata pezi la nyuma.

Sote tulifanya hivyo hapa kaskazini mwa Trinidad. Machi hadi Agosti kasa huja kutaga, na nguru nao huja. Tulitandaza nyavu mbele ya ufuo. Kasa walipasua nyavu, nasi tuliwakata kasa. Asubuhi mke wangu, Lystra, alikaa barazani na sindano, akishona matundu ambamo mtu angepita wima.

"Anslem, vidole vyangu vimekwisha," aliniambia. "Wavu huu ukifa, tutakula nini?"

Nilikwenda kulala.

Miaka miwili baadaye, alfajiri moja ya Aprili, jirani yetu Merle aliniita dirishani. Kazi yake ni kuhesabu kasa ufukweni.

"Anslem, njoo. Kuna mmoja amechelewa kutaga, na mgongo wangu unauma. Nataka mikono yako."

"Sijalala, dada Merle."

"Kwani mimi nimelala?"

Nikaenda. Kasa alikuwa juu ya ufuo, akichimba. Hawa wetu hawana gamba gumu. Mgongo wao ni ngozi nyeusi, yenye matuta marefu. Pezi lake la nyuma la kulia lilichota mchanga polepole, kama kiganja. Ikaja zamu ya kushoto. Hapo palikuwa na kigutu. Kigutu kikatikisika hewani, na mchanga ukaporomoka tena shimoni.

"Hili ni shimo la tatu," Merle alinong'ona. "Akichoka atayaacha mayai juu, mbwa wayale. Lala kifudifudi hapo kushoto. Kigutu kikitikisika, chota wewe."

Nililala. Pezi likachota, nami nikachota. Pezi, mimi. Pezi, mimi. Shimo likazidi urefu wa mkono wangu.

"Merle," nilisema, "huenda ni mimi niliyemkata huyu."

"Huenda. Chota."

Alipoanza kutaga, niliuliza jambo lililonisumbua miaka mingi. "Bahari yote ile, kwa nini waje kwenye wavu wangu?"

"Kwa sababu hawaendi mbali. Mmoja hutaga mara sita, hata saba, kwa msimu. Kati ya mara moja na nyingine hupita siku kumi hivi. Siku hizo yupo hapo mbele ya ufuo, anangoja. Na hapo ndipo unapotandaza wewe. Akinasa chini ya maji anakufa, maana anavuta hewa kama wewe."

"Halafu huenda wapi?"

"Kaskazini kwenye baridi, hadi Kanada. Anakula yavuyavu, wale viumbe laini wanaowasha. Hurudi baada ya miaka miwili au mitatu."

"Na mimi wanangu wale nini?"

"Nguru. Wavu uweke ndani hadi Agosti ipite. Vua kwa mshipi na chambo hai. Mshipi unao mkononi, na ni nadra kasa kunasa."

Hollis aliposikia alicheka. "Mshipi! Hiyo kazi ya wazee wenye kisukari. Na chambo nani atakikamata?"

Lystra akamwekea kakake huyo sindano mapajani. "Sawa, kaka. Basi shona wewe."

Hollis alishona asubuhi moja. Ya pili alikuja na mshipi.

Maisha hayakuwa mepesi. Tunaamka mapema zaidi kutafuta chambo, na samaki ni wachache kidogo. Lakini ni wabichi, wanagombaniwa pwani. Wavu ulifika Agosti mzima, bila tundu hata moja. Vidole vya Lystra vilipona. Kasa wa kigutu alirudi mara nne msimu ule, na mara zote nne nililala mchangani nikamchimbia.

Juzi mimi na Hollis tulikaa tukahesabu miaka yetu kumi na tisa ya kutandaza nyavu msimu wa kasa. Nyavu zilizokufa: tano. Vidole vya Hollis vilivyokatwa na kamba: kimoja. Kasa waliokufa wavuni mwetu: sitini na mmoja. Tuliowakata mapezi na kuwaachia hatukuwahi kuwahesabu. Tulidhani hao wamepona.