Soya ya Gulwe

Alhamisi, saa tatu asubuhi, soya ya Gulwe ilipimwa ikakutwa si soya.

Koplo Paulina wa upelelezi alipofika katika maabara ya kupimia mikunde, pale Dodoma mjini, alimkuta mpimaji Hana kasimama ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Dokta Batholomeo, mkuu wake, alikuwa ameshawatangazia wafanyakazi wote kwamba Hana ni mwizi.

"Afande, mchukue. Ufunguo wa stoo anao yeye peke yake."

"Taratibu, Dokta. Kumeibiwa nini?"

Dokta akamwonyesha mchoro wa mashine. Walikuwa wanapima estrojeni za mimea, vitu vilivyomo kwenye mikunde vinavyofanana kidogo na homoni ya kike. Soya ikipita, mashine huchora vilima viwili virefu. Leo ilichora tambarare.

"Huu ni unga wa dengu. Kabadilisha."

"Nibadilishe nipate nini?" alisema Hana. "Afande, mimi bado niko kwenye majaribio ya kazi. Nikifukuzwa kwa wizi, maabara gani itanipokea?"

Paulina aliuweka mfuko wa Gulwe kando ya mfuko wa soya wanayoitumia kulinganishia. Yote ya kaki, na unga wote wa manjano. Lakini kaki ya soya ilikuwa imejaa madoa ya mafuta. Ya Gulwe ilikuwa kavu kabisa.

"Soya huvujisha mafuta. Basi hata mfuko si wenyewe. Na lebo?"

"Mwandiko wangu," alisema Dokta. "Nilibandika mwenyewe kwa gundi nyeupe, Ijumaa, tulipomaliza kusaga kule Gulwe."

Paulina akainusa lebo. Ilinuka petroli.

"Ijumaa mfuko ulilala wapi?"

Dokta alikohoa. "Garini. Tulichelewa kufika. Dereva alimkabidhi Hana Jumatatu."

Dereva, Athuman, alikuwa uani anafuta vioo.

"Kaka Athuman, za kazi? Niazime gundi yako ya kuzibia pancha."

Kitambaa kilimponyoka. "Afande, mimi sikuiba."

"Nani kasema umeiba?"

Athuman akakaa chini pale pale, mgongo kwenye tairi.

"Mke wangu Shamimu anauza uji wa soya kwa mafundi kule Msalato. Wamemkimbia. Wanasema soya inawaotesha wanaume matiti. Nikaona maabara ikipima ikakosa kitu, watarudi."

"Na soya yenyewe iko wapi?"

"Tumeipikia uji. Naunywa kila asubuhi mbele yao, waone ndevu ziko pale pale."

"Hayo ya matiti waliyatoa wapi?"

"Kwangu. Niliwasimulia tucheke." Akamtazama Dokta. "Na mimi niliyatoa kwako, bosi. Tulipokuwa safarini uliniambia, 'Athuman, uji wa mkeo utakuvalisha sidiria.'"

"Nilikuwa nakutania! Kikombe cha uji hakimgeuzi mtu."

"Hiyo ya pili hukuniambia."

Paulina alimwamuru Athuman apande gari la polisi. Utani au si utani, kidogo tu mtu mwingine alale rumande kwa kosa lake. Kisha akamgeukia Hana.

"Dada, rudi kazini."

"Bado, afande. Aliniita mwizi mbele ya watu. Waitwe."

Dokta alikwenda mwenyewe, mlango kwa mlango. Walipojaa uani akaanza kusema, macho chini.

"Sauti, Dokta," alisema Hana. "Asubuhi ulisikika mpaka getini."