Ng'ombe Wangu wa Idi Alimfilisi Mwanangu

Nina umri wa miaka sitini na saba. Natamani siku ile Bakari aliponishauri nifiche mshahara wangu katika akaunti ya binti yangu ningekataa na kwenda zangu. Sikukataa... Nilicheka, tena nikamshukuru!

Nilikuwa na duka la saruji na mabati Mombasa. Nilikopa kupita uwezo wangu, nikashindwa kulipa, na mahakama ikanitangaza muflisi. Hali hiyo ingedumu miaka mitatu. Lakini nilipopata kazi ya kutunza ghala la vitambaa huko Jeddah, niliomba niachiliwe mapema ili nisafiri. Mahakama ikakubali, kwa sharti moja: mpaka miaka ile mitatu iishe, theluthi ya mshahara wangu iende kwa msimamizi wa ufilisi, naye awagawie wanaonidai.

Nilitia sahihi. Nilielewa kila neno. Sitamsingizia mtu.

Jeddah nilikaa chumba kimoja na Bakari, mtu wa kwetu, mchukuzi wa mizigo pale soko la Balad. Nilipomweleza habari ya theluthi, alinicheka mpaka akapaliwa na chai.

"We mzee Athumani! Umeshaachiliwa, halas, yamekwisha! Mahakama ya Mombasa itapanda ndege ije kukudai huku? Pitisha mshahara wako kwenye akaunti ya binti yako, nani atajua?"

Binti yangu Mwanaidi alikuwa Riyadh, mtumishi wa ndani katika jumba moja la mtaa wa Al-Malqa. Alimwacha bintiye mdogo, Rehema, kwa dada yangu Mombasa. Mshahara wake wote alikuwa akiutuma kwenye akaunti yake ya Mombasa, akiweka pesa za kununua nyumba ndogo Likoni ili mkataba ukiisha arudi alee mwanawe. Nilimpigia simu nikamwambia nitapitisha pesa zangu humo kwa muda mfupi tu.

"Baba, si kuna mambo ya mahakama?" aliuliza.

Nikamjibu kwamba hayo yamekwisha. Nilimdanganya mwanangu wa pekee!

Miezi ikapita, wala hakuna aliyenitafuta. Nikavimba kichwa. Ilipokaribia Idi ya kuchinja, nikataka mtaa mzima ujue kuwa Athumani amesimama tena. Nikamtumia dada yangu pesa kutoka akaunti ile anunue ng'ombe achinje kwa jina langu, nyama igawiwe kila nyumba. Kila nyumba, nilimsisitiza!

Naye akaipeleka kila nyumba, hata kwa tajiri wa saruji aliyekuwa akinidai kuliko wote. Nasikia aliitazama ile nyama akauliza, "Huyu muflisi anachinja ng'ombe, na langu hajanipa hata shilingi?" Idi ilipokwisha tu, akaenda kwa msimamizi.

Mtu wa dini anajua: deni kwanza, kuchinja baadaye. Mimi nilijua, tena niliishi karibu na Makka! Kiburi kilinipofusha.

Msimamizi, mama mmoja mwanasheria, alifuatilia zilikotoka pesa za ng'ombe mpaka kwenye akaunti ya Mwanaidi. Ikafungwa. Akanipigia akaniambia kwa upole kwamba nieleze kwa maandishi, kabla ya tarehe iliyowekwa na mahakama, ni pesa zipi zangu na zipi za binti. Nikikaa kimya, zote zitahesabiwa zangu.

Wasomaji, ningeandika ukurasa mmoja tu... Niliogopa. Nilifikiri nikikiri nitarudishwa kwenye ufilisi, pengine nishtakiwe. Nikabadilisha laini ya simu!

Mwanaidi alihangaika peke yake. Madam wake alikuwa akimlipa pesa taslimu mkononi, bila stakabadhi. Alipomwomba amwandikie barua ya kuthibitisha mshahara, madam alimwambia, "Mafi barua, hakuna! Yalla, kazini!" Kafili wake, yaani mdhamini wa kibali chake cha kazi, ni mume wa huyo madam. Angemshtakia nani?

Mwishowe alinipata kwa simu ya Bakari.

"Baba, waambie ukweli. Sikuombi pesa. Sema tu kwamba zile ni zangu."

Nikamwambia nitaandika kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine... Hata Bakari, ambaye ndiye aliyenishauri, aliacha kunicheka. "Mzee, mtoto analia," alisema. "Wewe unangoja nini?"

Nilipoandika hatimaye, msimamizi alijibu kwamba muda uliowekwa na mahakama umepita na pesa zimekwisha kugawiwa. Akaongeza kwamba barua ile ingeletwa mapema, sehemu ya binti yangu ingerudishwa. Na lile nililoliogopa? Halikutokea! Sikushtakiwa. Nilitakiwa kulipa theluthi yangu mpaka muda uishe, basi. Ni mzigo ambao ningeubeba tangu mwanzo bila kumwumiza mtu.

Ndugu zangu, mahakama ikikuachilia kabla ya wakati, soma sharti lake na ulitimize, hata ukiwa ng'ambo. Usiufiche mshahara wako mgongoni mwa mwanao. Na ukishakosa, sema mapema, maana woga wako ataulipia mwingine!

Mimi nimerudi Mombasa, sidaiwi na mtu. Mwanaidi alitia sahihi mkataba mwingine Al-Malqa, kisha mwingine. Rehema amekuwa msichana mkubwa, na dada yangu ndiye anayemwita mama. Nyumba ya Likoni ilinunuliwa na watu wengine. Binti yangu humpigia simu shangazi yake kila Ijumaa, nami nikiwa nimeketi papo hapo, lakini hajaomba kuzungumza nami tangu siku alipojua pesa zake zimegawiwa. Nilikataa kutoa theluthi ya mshahara, nikampoteza mwanangu.