Kioo Kikishakauka

Sogeeni karibu, majirani, niwakumbushe jambo mliloliona wenyewe mkalisahau. Mnamkumbuka Twiga, yule fundi wa kuosha vioo? Jina tulimpa sisi, si kwa sababu ya shingo, maana shingo hana, bali kwa ile fimbo yake yenye brashi na mpira wa maji, iliyofika mpaka ghorofa ya tatu. Na mkewe tulimwita Mama Sifuri. Hii ni habari yao, na kwa kiasi fulani ni habari yetu pia, kwa sababu maneno yaliyomponza Twiga yalitoka vinywani mwetu.

Asubuhi za siku zile zilikuwa tamu. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Walifika kazini kabla ofisi hazijafunguliwa, wakisukuma kitoroli chenye mitungi mitatu ya kuchujia maji. Mama Sifuri aliunganisha mpira kwenye bomba la jengo, akapindua ndoo, akaikalia. Maji yalipita kwanza kwenye mtungi wa nyuzi uliodaka mchanga na kutu. Yakaingia kwenye mtungi wa mkaa ulionyonya ile dawa ya kuulia vijidudu inayotiwa kwenye maji ya bomba. Mwisho yakapita kwenye utando mwembamba uliozuia chumvi na chokaa. Yale ya mwanzo aliyamwaga, kisha akachovya kipimo chake kidogo, mfano wa kalamu, kinachoonyesha kwa namba chumvi na chokaa iliyobaki majini, akasubiri namba itulie.

"Sifuri," alipaza sauti.

"Twende," alijibu Twiga kutoka upande wa pili wa jengo, na ndipo brashi ilipogusa kioo.

Maji ya sifuri hayahitaji sabuni wala kitambaa. Kioo kinasuguliwa, kinasuuzwa, kinaachwa kibichi, nacho kinajikausha bila doa. Lakini hapo hapo ndipo penye mtego, na naomba mlishike hili. Maji mabaya nayo yanang'aa vizuri tu yakiwa mabichi. Doa hutokea kioo kikishakauka, na wakati huo fundi ameshaondoka zamani.

Mashine ile ya kuchujia maji haikuokotwa. Kabla yake walitumia ndoo, ngazi na kifutio cha mpira, Twiga juu, mkewe chini ameshika ngazi. Goti la Twiga lilipoanza kugoma, Mama Sifuri aliuza cherehani aliyoachiwa na marehemu mama yake, na mashine ikanunuliwa. Siku ilipoletwa nyumbani waliikalisha sebuleni wakaitazama kama mgeni. Twiga aliikumbuka sana jioni ile baadaye, alipokuwa hana wa kukumbuka naye.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wenye majengo walikuwa wanatoka nje, wanatazama vioo, wanamwambia Twiga mikono yake ina dhahabu. Aliyekaa kwenye ndoo hawakumwona. Kisha ikaja ile siku ya kwa kinyozi. Tulikuwapo, tusijifanye hatukuwapo. Kinyozi, wembe mkononi, alimuuliza Twiga kama ni kweli mwanaume mzima hanyanyui mkono mpaka mkewe aseme sifuri. Tukacheka. Mwingine akasema naye anatafuta kazi ya kukalia ndoo, wakitaka mtu wamwite. Tukacheka zaidi. Twiga alicheka pamoja nasi, lakini neno lilishamwingia.

Usiku huo, wakila, alimwambia mkewe kuwa kuanzia kesho abaki nyumbani apumzike, kazi ile mtu mmoja anaiweza.

"Na kipimo atasoma nani?" aliuliza Mama Sifuri.

"Macho ninayo. Kwani wewe unafanya nini pale zaidi ya kukaa?"

Mama Sifuri aliweka kijiko chini. Akaenda chumbani, akarudi na kile kipimo pamoja na daftari alilokuwa anaandika tarehe za kubadilisha vichujio, akaviweka mbele ya mumewe. Kisha akakusanya vyombo akaviosha. Tangu siku hiyo nyumba yao ikawa na salamu na chakula, lakini mazungumzo yakakauka. Twiga aliona ni hasira za siku mbili, zitapita zenyewe.

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda. Betri ya kipimo ilipokufa, hakununua nyingine. Daftari alilifungia kwenye droo. Baadaye maji yakaanza kutoka kwa kusuasua, maana mtungi wa nyuzi ulikuwa umejaa uchafu. Mama Sifuri angebadilisha vichujio kwa muda wa kuchemsha chai. Twiga, kwa haraka zake, alivitoa vyote viwili, cha nyuzi na cha mkaa, akafunga mitungi mitupu. Maji yakaja kwa nguvu, naye akajipongeza. Ningekuwapo ningemzuia? Ndugu zangu, nisiwadanganye, huenda ningempigia makofi.

Wateja wakaanza kunung'unika. Mmoja alisema vioo vina ukungu, Twiga akasingizia jua. Mwingine akaonyesha madoa, akasingizia ndege. Mmoja mmoja wakaacha kumwita. Na kila asubuhi, kabla hajagusa kioo, alijikuta anatega sikio. Alikuwa anasubiri neno moja kutoka upande wa pili wa jengo, na upande wa pili palikuwa na kitoroli peke yake.

Ikabaki maktaba. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao ya kwanza kabisa, tangu enzi za ngazi, na ndiyo iliyokuwa inawalisha. Twiga aliosha madirisha yake yote makubwa, akaondoka ametulia. Kesho yake aliitwa. Mkuu wa maktaba, mama mmoja mpole, hakumfokea. Alimwonyesha kiti cha wasomaji akamwambia akae. Jua la asubuhi lilikuwa linaingia, na kila kioo kilikuwa na vidoa vyeupe juu mpaka chini, kama bilauri iliyooshwa ikasahauliwa.

"Baba, mkeo anaumwa?" aliuliza yule mama.

"Hapana, mama. Yuko nyumbani."

"Nimeuliza kwa sababu kila mkimaliza kazi, kesho yake alikuwa anapita hapa. Anakaa kwenye kiti hicho hicho, anaangalia vioo vikiwa vikavu. Akiona doa anatoa kitambaa kwenye mkoba wake, anafuta, anaaga. Miaka tisa. Sasa ni miezi minne sijamwona."

Twiga hakuwa analijua hilo. Miaka tisa alidhani mkewe anakwenda sokoni. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Mkuu wa maktaba akamwambia ana wiki moja ya kurekebisha, zaidi ya hapo kazi itapewa kampuni nyingine.

Alifika nyumbani akakuta mkewe anapepeta mchele. Hakuzungukazunguka. Alisimulia yote, pamoja na ya kiti. Mama Sifuri alisikiliza, akaomba kipimo, akakitia betri, akaenda uani kulikokuwa na mashine. Akafungua bomba. Akapima maji yanayoingia: mia mbili na kumi. Akapima yanayotoka: mia moja na themanini. Akayanusa.

"Mkaa uko wapi?"

"Niliutoa, ili maji yaje kwa nguvu."

Mama Sifuri alikaa juu ya ndoo. "Ile dawa ya bomba imeula utando wote. Cherehani ya mama yangu ndiyo hiyo inamwagika hapo," alisema, na machozi yakamtoka.

Twiga alipiga goti, lile lile bovu, kwenye matope. "Nimekukosea, mke wangu. Nilidhani mimi ndiye ninayeosha."

Mkewe alijifuta machozi kwa upindo wa kanga. Kisha akafunga bomba. "Mashine imekufa, mimi sijafa," alisema. "Ngazi iko wapi?"

Wakarudi maktaba na ndoo, ngazi na kifutio cha mpira, kama vijana. Siku nne walikwangua chokaa ile, Twiga juu anagugumia kwa goti, mkewe chini ameshika ngazi kwa mikono miwili. Goti la Twiga halijapona mpaka leo, na wateja waliokwenda hawakurudi. Mashine bado iko uani, imefunikwa, inasubiri utando mpya.

Kesho yake baada ya kumaliza kukwangua, Twiga alitoka nyumbani kimyakimya, kitambaa mfukoni. Alipoingia maktaba alimkuta mkewe amewahi, amekaa kwenye kile kiti, anatazama vioo vikavu. Akavuta kingine akakaa kando yake. Walitazama dirisha moja baada ya jingine mpaka la mwisho.

"Sifuri," alisema Mama Sifuri polepole.

"Twende," alijibu Twiga, akainuka akamshika mkono.

FUNZO

Usione vyaelea, vimeundwa. Katika kila nyumba yuko anayeonekana akifanya kazi na yuko anayeifanya kazi hiyo iwezekane, na mara nyingi huyu wa pili anakaa kimya. Ukimdharau, hutaona hasara siku hiyo wala kesho yake, kwa sababu bado vyote ni vibichi na vinang'aa. Subiri vikauke. Na sisi tunaokaa kwa kinyozi, tuchunge vicheko vyetu, maana tulicheka dakika tano, na watu wawili wakalipa miezi minne na cherehani.