Kikombe cha Mafuta cha Bibi Leonida

Kila asubuhi, kijiji cha Rhotia kikiwa bado kimefunikwa na ukungu, Hyasinta alimletea mama mkwe wake kikombe cha mafuta ya kondoo.

"Kunywa, mama. Mfupa uunge."

Bibi Leonida alikunywa, kisha akarudi kulala. Ndivyo wagonjwa wa mifupa walivyotunzwa pale kwao. Alikuwa ameteleza uani akipepeta maharage. Kuanguka kidogo tu, mkono ukavunjika. Sasa aliogopa jambo moja: kuvunjika tena, abaki mtu wa kulishwa.

Siku ya kurudi kliniki Karatu, mwanawe Josephati na Hyasinta walimsindikiza. Majibu ya damu yalikuwa tayari. Nesi Nasieku, mwenyeji wa Ngorongoro, aliwaeleza.

"Bibi, mkono unaunga. Lakini mifupa yako imedhoofika. Tena damu ina mafuta mengi, na kuna uvimbe ndani ya mwili."

"Uvimbe? Mbona sina hata jipu?"

Nasieku akacheka. "Huu hauonekani kwa macho, bibi. Mtu akivunjika, huwa upo. Ukikaa muda mrefu, unazidi kuidhoofisha mifupa. Na mafuta mengi kwenye damu huharibu moyo na mishipa."

Hyasinta aliinamisha kichwa. "Kumbe nilikuwa namuumiza mama kwa kile kikombe cha mafuta ya kondoo cha kila asubuhi."

"Usijilaumu, dada. Hata kwetu Umasaini tunawanywesha wagonjwa mafuta. Endelea kumtunza, ila badilisha kilichomo kikombeni. Mpe maziwa yaliyoenguliwa mafuta. Mpe maharage, dagaa na mchicha. Asilale kutwa, atembee, aote jua. Dawa za daktari asiziache. Na uani pasiwe na utelezi."

"Basi yule kondoo wa pili niliyetaka kumchinja amepona!" alisema Josephati.

"Nyamaza wewe!" Bibi akamkemea. "Nyama ya yule wa kwanza ulikula wewe, mimi nikaachiwa mafuta."

Wote wakacheka, hata Hyasinta.

Miezi ikapita. Bibi alitembea kila siku hadi kanisani na kurudi, Hyasinta akiwa ubavuni mwake. Walipopima damu tena, mafuta yalikuwa yameshuka na uvimbe umepungua. Mkono ulikuwa umepata nguvu.

Jioni hiyo, Hyasinta alipoinjika sufuria ya ugali, Bibi alimpokonya mwiko.

"Mama, utaumia!"

"Kaa chini, mwanangu."

Bibi alisonga taratibu mpaka ugali ukaiva. Sahani ya kwanza hakumpa Josephati. Aliiweka mbele ya Hyasinta.

"Umenilisha vya kutosha," alisema. "Asante. Leo kula wewe kwanza."